Boti za Kampi ya Samaki, Baringo: viboko utawaona tu, omba upelekwe kwa matope

Wacha nianze na bei juu najua ndo kitu wengi wenu mnatafuta. Boti nzima, sio kwa kichwa, ni elfu tatu na mia tano kwa lisaa, inabeba watu saba wakikaa vizuri, na mkifika asubuhi mapema kabla wageni wengine hawajaamka mnaweza kuongea ikashuka kidogo. Hawa vijana tuliwapata kwa wasap kupitia mtu wa ofisini, jina siwataji juu kuna malalamiko hapa chini na sitaki mtu amwage unga kwa sababu yangu. Vikundi vya boti pale ni vingi na kwa venye nimeona huduma zinafanana.

Pakiji yenyewe ni ile mnaijua. Mnatoka ufukweni, mnapelekwa mahali viboko wanashinda, mnaona mamba wadogo wadogo wameota jua, alafu kapteni anapiga mluzi anainua samaki juu na furukombe anatoka kwa mti huko mbali anashuka kumnyakua juu ya maji mbele ya simu zenu. Kabla ya kumrusha yule samaki wanamtumbukizia kijiti cha mti mwepesi ndani ili asizame, ukiangalia mikono ya kapteni utakiona. Baadaye mnaenda Ol Kokwa, kile kisiwa kikubwa, mnaona maji moto yakichemka pale kando na mvuke ukitoka kwa mawe, mnapiga picha, mnarudi. Ni poa, sio mbaya hata kidogo. Lakini ukishaifanya huna sababu ya kuirudia, na kama ingekuwa hiyo tu ningewapa nyota tatu niende zangu.

Kilichofanya nikae chini niandike yote haya ni ile saa ya ziada tuliyoomba wenyewe, ya kwenda kusini mahali mto Molo na mto Perkerra inaingilia. Haiko kwa pakiji. Ukiitaja kapteni anakuangalia kwanza aone kama uko sawa. "Huko hakuna kitu, mkubwa, ni matope tu." Nikamwambia kapteni, hayo matope ndo tumekuja kuona. Akacheka, akapiga hesabu ya mafuta, tukaenda.

Kampi ya Samaki iko upande wa magharibi na ziwa lina urefu wa kama kilomita 20 hivi, kwa hivo kushuka kusini sio mbali lakini sio hapo tu pia. Maji ya Baringo ni kahawia kila mahali, hiyo kila mtu ameona, chai ya maziwa kabisa, lakini ukikaribia mdomo wa mto unaona yanageuka yanakuwa mekundu zaidi na kuna laini kabisa juu ya maji, upande huu rangi hii upande ule rangi ile, na takataka za vijiti na majani makavu zimejipanga kufuata hiyo laini. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu siku chache kabla. Nilitia mkono ndani, kabla maji hayajafika kiwiko vidole nilikuwa sivioni tena.

Hapo kapteni akainua injini kwa sababu propela ilikuwa imeanza kuchota tope, akachukua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti. Akausimamisha wima akausukuma chini. Maji yenyewe yalikuwa kama ya magoti, lakini upondo ukaendelea kushuka, polepole, bila kugonga kitu kigumu, mpaka ukabaki kipande cha kushika. Kuutoa ikawa kazi, alilazimika kuuzungusha zungusha huku boti inayumba na mjomba wangu analalamika. Ulipotoka ulikuwa umepakwa tope laini kabisa, nikalisugua kwa vidole nitafute mchanga, sikusikia hata punje moja. Na linanuka.

Sasa hiyo ya kutosikia punje ndo maana ya mambo yote. Mto ukija na nguvu unabeba kila kitu, mawe, changarawe, mchanga, udongo. Ukianza kupunguza mwendo unaacha vile vizito kwanza, ndo maana ile mito ya msimu unayovuka ukitoka Marigat imejaa mchanga mpaka malori yanaingia kuchota. Udongo mwepesi kabisa hauachwi huko, unafika ziwani, na hata ziwani hautulii haraka juu ni mwembamba mno na ziwa halina kina kikubwa, upepo wa mchana ukivuma mawimbi yanafika mpaka chini yanaukoroga tena. Kwa hivo wale mnaouliza kama kuna msimu maji yanakuwa safi mje kuogelea, hakuna. Na mamba je?

Kitu kapteni alijua vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia ni mahali kila kitu kilikuwa zamani. Pale palikuwa na shamba, pale palikuwa na boma ya fulani, hii miti mikavu mnaona imesimama majini ilikuwa nchi kavu tukichunga mbuzi chini yake. Unapita katikati ya miti ya migunga iliyokufa imesimama kwa maji, juu imejaa viota vya ndege. Karibu na ufuo unaona mapaa ya mabati ya nyumba zilizoingia majini. Shule ziliingia, zahanati, hoteli kadhaa, na hata lile soko la samaki. Hii ilianza kama 2010, 2011 hivi, ikaenda ikirudi, alafu 2020 ikawa mbaya zaidi.

Na hapa ndo mimi na kapteni tukatofautiana, kwa heshima lakini. Yeye anawaeleza wageni kwamba ziwa limepanda kwa sababu limejaa tope chini, basi, maji hayana mahali pa kukaa yanatoka nje. Ukiona ule upondo unaamini kabisa. Na kuna ukweli ndani yake, juu mwanzo wa miaka ya 1970 kina cha ziwa kilikuwa kinafika kama mita 8, na ikifika miaka ya mwanzo ya 2000 watu walikuwa wanapima wastani wa chini ya mita 3, wengine wakawa wanasema wazi kwamba hili ziwa linakufa. Tope liliingia, hiyo hakuna mtu anabisha. Lakini kama ni tope peke yake, mbona Bogoria ilipanda wakati huo huo? Mbona Nakuru, mbona Naivasha, mbona mpaka Turkana? Hayo maziwa yote hayakujazwa tope mwaka mmoja. Ripoti ya serikali ya 2021 ililaumu mvua kwanza, mvua nyingi kuliko kawaida kwa miaka mfululizo, alafu ndo ikataja ardhi iliyoharibiwa huko juu na pia mambo ya mipasuko chini ya ardhi huku Bonde la Ufa. Tope linafanya mambo yawe mabaya zaidi, bakuli limepungua kina kwa hivo maji yakiongezeka yanatambaa kando badala ya kupanda tu, na kule kusini ambako ni tambarare maji yakiongezeka kidogo tu yanaenda mbali sana. Zamani tulisoma ziwa ni kama kilomita za mraba 130, likaja kuvuka 200.

Nilimweleza hivo. Akafikiria kidogo akasema, "Sawa, lakini hiyo mvua ikinyesha msituni huwa haileti rangi hii." Na hapo sikuwa na jibu, juu ni kweli. Mvua ni moja na rangi ni nyingine.

Molo inaanzia huko juu upande wa Mau, Perkerra inakusanya maji kutoka Eldama Ravine na pande za vilima vya Tugen. Huko juu mvua inapita milimita 1000 kwa mwaka, hapa chini ziwani ni kama 600 na jua linakunywa zaidi ya hiyo mara kadhaa. Msitu ukikatwa huko, shamba likalimwa mpaka kingo za mto, maji hayaingii tena ardhini, yanateremka. Alafu yakifika huku chini yanakuta ardhi tupu, mbuzi wamemaliza nyasi, udongo umekauka ukawa poda, mvua ya kwanza ya mwezi wa nne ikipiga ndo unaona makorongo yanafunguka. Mkiwa barabarani kutoka Mogotio kwenda Marigat angalieni kando, utaona mti umesimama na mizizi yote nje, udongo uliokuwa umeifunika umeenda, na unaweza kupima kwa macho ni futi ngapi. Udongo huo wote umeenda kukaa pale upondo ulikozama.

Na sio mambo ya jana. Tangu miaka ya 1930 wakoloni walikuwa wanaandika kuhusu mmomonyoko wa Baringo, wakilaumu mifugo ya watu, bila kusema sana kwamba walowezi walikuwa wamechukua malisho mazuri ya kusini na watu na ng'ombe zao wakabanwa mahali pamoja. Baadaye miaka ya 1980 ukaletwa mathenge, ule mti wa miiba, ushike udongo na watu wapate kuni. Udongo uliushika mahali pengine kweli, lakini ukashika na kila kitu kingine, malisho, njia, mifereji, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi mpaka Wailchamus, jamii ya wafugaji wa pale kando ya ziwa, wakaenda kortini na mbuzi asiye na meno akapelekwa kama ushahidi. Sio stori ya kutunga hiyo. Mkiwa njiani kuelekea kusini mwa ziwa mtauona, ukuta wa kijani pande zote.

Mjomba sasa. Mjomba aliketi mbele na jaketi okozi imembana tumbo, alikuwa amenyamaza tangu upondo, akauliza kwani serikali haiwezi kuleta mashine wachote hili tope lote liishe. Ni swali zuri na watu wengi huuliza. Tukapiga hesabu pale pale kwa simu. Chukua tu ile sehemu ya zamani ya ziwa, kilomita za mraba 130, toa tope la mita moja tu. Hiyo ni kyubiki mita milioni 130. Lori la kawaida la kyubiki mita 10, ni safari milioni 13. Alafu ulipeleke wapi? Ukilimwaga hapo kando mvua inalirudisha. Na huku unachota, mto bado unaleta. Mjomba akasema basi wachote ya mdomo tu boti zipite, hapo tukakubaliana naye, mfereji wa kuingilia maji unaweza kuchotwa na huwa unachotwa, hata ile skimu ya umwagiliaji ya Perkerra pale Marigat, iliyoanza 1954 kwa jasho la wafungwa wa enzi ya hali ya hatari, wakulima huwa wanapambana na tope kwa mifereji kila msimu. Lakini ziwa lote, hapana. Kazi iko huko juu kwa mashamba, matuta, miti kando ya mto, na huku chini ni nyasi, ukizungushia ua kipande cha ardhi tupu ukapanda nyasi na mifugo ikakaa nje mpaka zishike, udongo unatulia. Wako watu Baringo wanafanya hivo na wanauza hata nyasi yenyewe na mbegu. Ukipita karibu na hayo mashamba unaona laini kabisa ya ua, ndani nyasi imefika kiunoni, nje udongo mwekundu.

Tukirudi kapteni alitupitisha karibu na kisiwa cha Longicharo, mahali twiga walikuwa wamenaswa. Hiyo ilikuwa rasi, imeungana na nchi kavu, maji yalipopanda ikakatika ikawa kisiwa na twiga ndani. Wa kwanza, Asiwa, alitolewa Desemba 2020 kwa jahazi la chuma lililotengenezwa makusudi, wakaendelea mpaka Aprili 2021 wote tisa wakawa wamevushwa hadi Ruko, hifadhi ya wanyama ya wenyeji pale nchi kavu. Kapteni anasimulia hii stori vizuri sana na hapa namsifu, hakuiharakisha, alizima injini kabisa.

Haya, malalamiko.

Jaketi okozi. Tulikuwa watu sita na zilikuwa tano, na mbili kati ya hizo kamba zimekatika zimefungwa fundo. Nililalamika wakaleta ya sita kutoka boti nyingine, sawa, lakini kwani nisingelalamika? Ziwa lina mamba, viboko na miti mikavu chini ya maji ambayo huioni kwa sababu ya hiyo hiyo rangi, boti ikigonga kisiki mbio ni wewe na Mungu wako. Hii sio kitu ya kuchezea na ndo imewakosesha nyota nzima.

Pili, kuhusu viboko walitupeleka karibu mno. Mwenzangu alikuwa anataka picha na yule kijana msaidizi akataka kumfurahisha. Tangu maji yapande viboko na mamba wamekuwa wanakaa karibu na watu zaidi, watu wameumizwa, na wenyeji wanajua hivo kuliko sisi. Kapteni alipoona nimekasirika akarudisha nyuma, lakini angefanya hivo kabla.

Tatu, hesabu ya mafuta. Tulikubaliana nyongeza ya elfu moja na mia tano kwenda kusini. Tulipofika ufukweni ikawa elfu mbili, ati injini imekula sana kwa tope. Nikamwonyesha meseji. Akakubali bila kelele, lakini ilibidi nimwonyeshe, kwa hivo nyinyi pia andikeni kwa wasap, msikubaliane kwa mdomo. Na kule Ol Kokwa mkishuka mnaitishwa pesa ya kijiji, hiyo sio ya watu wa boti na sina shida nayo, ila wangetuambia mapema tubebe pesa taslimu.

Chakula wanaweza kuwaagizia samaki pale ufukweni mkute ameiva. Tulipata tilapia wadogo, wa kukaanga, watamu lakini wadogo kweli. Mama aliyetupikia akasema tilapia wa hapa huwa hakui sana, na ukifikiria ina maana, maji yakiwa na tope jua haliingii, jua lisipoingia mwani wa kulisha samaki unakuwa kidogo. Anayenona ni kamongo, ambaye hata sio wa hapa, aliletwa miaka ya 1970, na kambare. Hao tope haliwasumbui. Kama huna shida na sura ya kamongo agiza kamongo, nyama ni nyingi na mama anajua kumkausha kwa moto wa polepole kabla ya mchuzi. Mjomba alikataa kumwangalia kisha akala sahani mbili.

Nani aende? Kama una watoto wadogo na saa moja tu, chukua pakiji ya kawaida, watafurahi na furukombe. Kama unafundisha jiografia au una shamba kule juu Molo ama Ravine, ama umechoka kusikia mmomonyoko wa udongo redioni bila kuuona, lipa ile nyongeza. Wanafunzi hasa wangepelekwa, nashangaa vikundi vya boti havijaanza kuuza hiyo safari kwa shule juu wateja wako na kapteni tayari anajua kila kitu, anachohitaji ni mtu wa kumwambia kwamba hicho anachokijua kinauzika.

Nendeni asubuhi, mkiwa majini saa moja ni vizuri, mchana upepo unaanza na boti inarushwa. Mwezi wa nne na wa tano ndo utaona ile laini ya rangi vizuri lakini barabara za kuvuka mito ya msimu zinaweza kukatika, ulizeni kabla ya kutoka Marigat. Vaeni viatu ambavyo hamjali, tope la Baringo halitoki kwa kitambaa cheupe, nimejaribu sabuni zote. Muulizeni kapteni kama ana upondo kwa boti, boti zingine hazina.

Nyota nne kwa kapteni, mbili kwa jaketi okozi, kwa jumla nawapa tatu na nusu, na wakinunua jaketi mpya nitarudi hapa nibadilishe.